Je, nikate bima ya baiskeli yangu ya bei ghali? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanawahusu waendesha baiskeli wa Kenya na Tanzania ambao baiskeli zao, ziwe za barabarani, za milimani, za njia za vumbi au za umeme, zimegharimu kuanzia laki moja na nusu za Kenya, yaani kama milioni tatu za Tanzania. Hesabu zote zimefanywa kwa shilingi za Kenya. Wasomaji wa ughaibuni wana swali lao karibu na mwisho.

Baiskeli ikifika bei gani ndipo inastahili bima?

Bei peke yake haiamui. Jiulize hivi: ikiibwa usiku wa leo, utaweza kununua nyingine ndani ya miezi mitatu bila kukopa, bila kugusa ada ya shule wala kodi ya nyumba? Kama utaweza, bima ni hiari, na mara nyingi pesa hiyo ingekaa vizuri zaidi kwenye akiba yako. Kama hutaweza, au kama baiskeli ndiyo inayokulisha (unaongoza watalii, unafundisha, unashindana), bima ina maana hata pale ambapo kihesabu utalipa zaidi ya utakachorudishiwa.

Kisha angalia inalala wapi na inafungwa wapi. Baiskeli inayolala chumbani nyuma ya grili na kutoka Jumapili tu, mwenyewe akiwa juu ya tandiko, haiko katika hatari sawa na ile inayofungwa kila siku nje ya ofisi Westlands au Posta.

Hesabu yake inakwendaje?

Chukua baiskeli ya Sh 350,000. Tuseme kampuni imekutajia ada ya asilimia 4 kwa mwaka, yaani Sh 14,000. Kenya unaongeza tozo ya mafunzo ya bima ya asilimia 0.2, tozo ya mfuko wa fidia kwa wenye bima ya asilimia 0.25, na ushuru wa stempu wa Sh 40. Jumla ni Sh 14,103. Tanzania Bara ada ya bima ya mali hutozwa VAT, kwa kawaida asilimia 18, kwa hiyo uliza kama bei uliyotajiwa tayari ina VAT au bado.

Sasa tazama upande wa fidia. Karibu kila mkataba una sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Hati huiita excess. Ikiwa ni asilimia 10, baiskeli ikiibwa mwaka wa kwanza utapokea Sh 315,000. Gawanya 14,103 kwa 315,000 upate kama asilimia 4.5, sawa na wizi mmoja katika miaka 22. Ukiona hatari ya kuibiwa kwako ni ndogo kuliko hiyo, faida iko kwa kampuni. Mwaka wa tatu, kama mkataba unakata uchakavu wa asilimia 10 kwa mwaka na ada imebaki ileile, thamani inayokubalika ni Sh 280,000 na fidia ni Sh 252,000. Hapo mizani inahamia wizi mmoja katika miaka 18. Umelipa ada ileile kwa ulinzi mdogo zaidi, na wengi hawalioni hilo mpaka siku ya kudai.

Kwa hiyo kila unapohuisha bima, dai moja kati ya mawili: thamani na ada vishuke pamoja, au mkataba uandikwe kwamba utalipwa bei ya baiskeli mpya ya aina hiyohiyo bila kukata uchakavu. Hilo la pili ni ghali zaidi, lakini kwa baiskeli ya chini ya miaka mitatu tunaliona linafaa.

Nina bima ya vitu vya nyumbani. Haitoshi?

Kwa kawaida haitoshi. Mkataba wa nyumba wa Kenya, ule unaouzwa kwa jina la Domestic Package, umegawanywa kwa herufi. Sehemu A ni jengo, B ni vitu vya ndani, C ni All Risks (hatari zote) kwa vitu unavyotoka navyo kama kompyuta, kamera na simu, kisha zinafuata sehemu za wafanyakazi wa nyumbani na za dhima, yaani hasara unayowasababishia watu wengine. Baiskeli ikiwa chini ya B inalindwa ikiwa ndani ya nyumba tu, dhidi ya mambo kama moto na wizi wa kuvunja.

Neno "kuvunja" ndilo linalowaangusha watu. Mthamini anayetumwa na kampuni kukagua hasara atatafuta kitasa kilichong'olewa, grili iliyokatwa, dirisha lililobomolewa. Baiskeli iliyochukuliwa barazani, kwenye ngazi za ghorofa, au kwenye kizimba cha maegesho ambacho hakikutajwa kwenye hati, haina alama ya kuvunjwa kwa nyumba yako, na dai hukwama hapo. Kuwapo kwa mlinzi getini hakubadilishi lolote.

Unachotaka ni baiskeli iandikwe chini ya C kwa chapa, modeli, namba ya fremu na thamani yake. Kampuni nyingine huiacha nje ya C mpaka uombe. Tuma barua pepe, usiulize kwa simu, na uliza haya: Je, baiskeli yangu inalindwa nikiwa naiendesha? Ikiwa imefungwa mahali pa umma? Ikiwa juu ya gari au ndani yake? Usiku ikiwa nje ya nyumba? Nikiwa nje ya nchi? Jibu lolote la "ndiyo" lazima lionekane kwenye hati. Maneno ya wakala hayalipi fidia.

"Hatari zote" ni zote kweli?

Hapana. Jina hilo lina maana kwamba kila kinachotokea kwa ghafla kinalindwa isipokuwa kile kilichotajwa kuwa hakilindwi, na orodha ya visivyolindwa ni ndefu. Soma ukurasa huo kabla ya mwingine wowote. Utakuta humo uchakavu, kutu, kuharibika kwa mitambo yenyewe (gia, breki, bearingi), mikwaruzo, tairi lililopasuka bila ajali, uharibifu wakati wa matengenezo, kupotea kusikoelezeka, na kuibwa kutoka kwenye gari lililoachwa bila mtu. Angalia pia kama magurudumu yakiibwa peke yake yanalipwa. Mikataba mingi hulipa vipande kama hivyo pale tu baiskeli nzima inapoibwa kwa wakati mmoja, na magurudumu ya kaboni yanaweza kufikia theluthi ya thamani yote.

Niiandikishe kwa thamani gani?

Kwa gharama ya kuileta nyingine kama hiyo mpaka mlangoni kwako leo: bei ya dukani, usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT. Wengi huandika bei waliyolipa walipoibeba kutoka Ulaya wakati wa punguzo, wakasahau kwamba nyingine haitakuja kwa njia hiyo.

Kuandika kidogo ili ada ishuke kunaumiza. Sharti la uwiano liko karibu katika kila mkataba wa mali. Baiskeli yenye thamani ya Sh 350,000 ukiiandika 200,000, kampuni inakuhesabu kuwa umejibebea mwenyewe sehemu tatu kati ya saba. Ajali inayohitaji matengenezo ya Sh 100,000 utalipwa 57,143, na bado sehemu yako ya kujilipia haijakatwa. Sharti hilohilo hufanya kazi kwa vitu vyote vya nyumba: ukiongeza baiskeli ya laki tatu na nusu ndani ya B bila kupandisha jumla, umepunguza hata fidia ya televisheni na friji.

Vifaa vya ziada, kama mita ya nguvu, kompyuta ya safari, taa, pedeli za klipu na magurudumu ya akiba, viorodheshwe kimoja kimoja na bei zake. Usipofanya hivyo, kampuni italipa baiskeli kama ilivyotoka kiwandani.

Nyaraka zipi niziweke tayari kabla ya kulipa ada?

Namba ya fremu kwanza. Igeuze baiskeli, namba huwa imegongwa chini kabisa, pale mikono ya pedeli inapopita kwenye fremu. Kwenye fremu nyingi za kaboni ni kibandiko, kwa hiyo ipige picha mapema kabla haijafutika. Piga picha ya upande wa kulia baiskeli nzima, gia, magurudumu, na alama yoyote ya pekee kama mkwaruzo au rangi iliyobanduka. Picha moja iwe nawe ukiwa umeishika.

Hifadhi risiti ya duka, hati ya forodha kama uliiagiza, na risiti za kila kipande ulichobadilisha. Ukiinunua mkononi mwa mtu, andikianeni mkataba wa mauziano wenye namba ya fremu, tarehe, bei na nambari za vitambulisho vya pande zote mbili, na ulipe kwa M-Pesa au benki ili ibaki alama. Kabla ya kununua, tafuta namba hiyo kwenye Bike Index, daftari la wazi la mtandaoni linalopokea baiskeli kutoka nchi yoyote. Kisha sajili yako humo. Nakala zote ziwe kwenye barua pepe yako, kwa sababu mwizi wa baiskeli huenda akaondoka na kompyuta pia.

Baiskeli iliyoingia nchini bila karatasi yoyote inaweza kukubaliwa kukatiwa bima na isilipwe baadaye. Kampuni hupokea ada kwa maneno yako lakini hulipa kwa uthibitisho.

Kufuli gani litakubaliwa?

Mkataba wa hapa kwetu mara nyingi husema tu "ifungwe ipasavyo", na tafsiri ya maneno hayo hufanywa ukishaibiwa. Omba kampuni iandike aina ya kufuli inayoikubali. Kufuli la chuma lenye umbo la U, au mnyororo mzito wa chuma kigumu, lipite ndani ya fremu na kwenye kitu kisichong'oka wala kuinuliwa. Nguzo fupi ya alama ya barabarani haifai, kwani baiskeli hupitishwa juu yake. Kebo ya waya, hata iwe nene, hukatwa kwa mkasi wa bolti kwa sekunde chache. Tunza risiti ya kufuli na funguo zote mbili. Kampuni nyingine huziomba funguo kama uthibitisho kwamba ulifunga kweli.

Nikianguka na fremu ya kaboni ikapasuka?

Hapa ndipo madai ya baiskeli ghali yanapokuwa magumu. Alumini hukunjika na kila mtu huona. Kaboni inaweza kuachana tabaka kwa ndani huku nje ukiona mstari mwembamba kama unywele, au usione kitu. Mthamini aliyezoea magari ataandika "mikwaruzo" na kulipa rangi.

Usiendelee kuiendesha. Piga picha mahali pa ajali kabla ya kuisogeza. Nyumbani, safisha fremu, kisha igonge polepole kwa sarafu kutoka sehemu nzima kuelekea iliyogongwa: sauti kali ikigeuka kuwa ya kufifia, kuna mashaka. Kagua pia uma wa mbele pale unapoingia kwenye fremu, usukani pale unapobanwa, na kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika mkono wa gia wa nyuma. Kipande hicho hutengenezwa makusudi kiwe dhaifu ili kipinde kabla ya fremu, na ni rahisi kukibadilisha. Usikubali baiskeli nzima ihukumiwe kwa ajili yake, na usikubali pia kibadilishwe hicho tu wakati fremu imepasuka.

Peleka kwa duka linalouza chapa hiyo au fundi anayefahamika, uombe barua yenye mhuri inayosema sehemu ipi imeharibika, kwa nini si salama, inaweza kutengenezwa au la, na bei ya mpya. Barua hiyo ndiyo itakayobishana na mthamini kwa niaba yako. Mara nyingi kampuni italipa fremu tu na wewe uhamishie gia na magurudumu. Hakikisha gharama ya fundi imo. Ikiamua kulipa baiskeli nzima, mabaki ni mali yake. Ukitaka kubaki na magurudumu, lisemee kabla ya kutia saini.

Mashindano yanalindwa?

Chukua kwamba hayalindwi mpaka uone yameandikwa. Neno "mashindano" katika hati linaweza kumeza hata mazoezi ya kupima muda na safari za klabu zenye namba mgongoni. Kama unajiandikisha kwa mbio kama Migration Gravel Race kule Maasai Mara, omba nyongeza ya mkataba ikitaja tukio na tarehe. Kampuni nyingine hutoa kwa ada ya ziada. Nyingine hukataa, na ni afadhali kulijua hilo ukiwa bado nyumbani.

Nikigongwa na gari au pikipiki, bima yao itanilipa?

Majeraha, ndiyo, ikiwa dereva ana makosa. Kwa Kenya, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, inalazimisha kila chombo cha moto kiwe na bima ya kifo na majeraha ya watu wengine. Mali, baiskeli yako ikiwemo, haimo katika lazima hiyo. Italipwa ikiwa mkataba wa mwenye gari unagusa mali za wengine, na mingi hugusa kwa kiwango fulani. Piga picha ya namba za gari, cheti cha bima na leseni ya dereva, na uhakikishe polisi wameandika baiskeli kwenye maelezo yao, si majeraha peke yake.

Na wewe ukimgonga mtembea kwa miguu? Sehemu ya dhima katika bima ya nyumba wakati mwingine hukulinda hata nje ya nyumba, wakati mwingine huishia getini. Uliza.

Baiskeli ya umeme ni tofauti?

Ni tofauti sana. Mikataba ya nyumba huondoa vyombo vya moto, na kampuni inaweza kuihesabu baiskeli yako humo, hasa kama inakwenda kwa kuzungusha kishikio cha mkononi, kama pikipiki, bila kupiga pedeli. Andika wati za mota na kasi ambayo mota hukata. Kipimo cha Ulaya cha wati 250 na kilomita 25 kwa saa husaidia kuonyesha kwamba bado ni baiskeli. Betri huisha nguvu, na kuisha huko ni uchakavu, hakulipwi. Moto unaotokana na betri ni jambo jingine: tumia chaja iliyokuja nayo, usiichaji usiku mmelala wala kwenye njia ya kutokea, na usifungue betri kuongeza seli. Betri iliyofunguliwa inaweza kukukosesha fidia ya nyumba nzima.

Nikisafiri nayo kwa ndege?

Shirika la ndege linawajibika kwa mzigo chini ya Mkataba wa Montreal, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama. Kikomo tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF) kwa abiria, takriban dola 2,000, na kinahesabu mizigo yako yote, si baiskeli pekee. Baiskeli ikizidi hapo, una njia mbili: kutangaza thamani maalumu kaunta na kulipia ziada, au kuwa na bima yako inayotaja usafiri wa anga.

Fungua sanduku hapohapo uwanjani. Uharibifu lazima ulalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu upokee mzigo. Siku ya nane umechelewa. Ufungaji mbaya ndicho kisingizio cha kwanza, kwa hiyo piga picha wakati unafunga: mkono wa gia umefunguliwa na kufungwa ndani ya fremu, diski za breki zimetolewa, kabari ya plastiki imewekwa kati ya pedi, na kipande cha kutanua kimekaa kati ya ncha za uma ili zisibonyezwe pamoja.

Na ikiwa juu ya gari?

Bima kubwa ya gari inalinda gari. Baiskeli iliyoko juu yake kwa kawaida haimo, na hasara inayotokea sana ni ya mwenyewe kuingia kwenye maegesho yenye paa fupi. Rafu ya nyuma ni salama zaidi kwa hilo, lakini ni rahisi zaidi kwa mwizi kwenye foleni. Uliza kampuni kuhusu yote mawili.

Imeibwa. Saa 24 za kwanza nifanye nini?

Nenda kituo cha polisi kilicho karibu na tukio. Kenya upate namba ya OB (daftari la matukio la polisi), na baadaye hati ya polisi ya kuwasilisha kwa bima. Tanzania upate RB, namba ya taarifa yako polisi. Hakikisha chapa, rangi na namba ya fremu vimeandikwa sawasawa, kwa sababu kosa la herufi moja litatumika kukuchelewesha. Usiguse mlango uliovunjwa mpaka umepigwa picha. Arifu kampuni kwa barua pepe siku hiyohiyo hata kama fomu utaijaza baadaye. Muda wa kuarifu hutofautiana kati ya mkataba na mkataba, na saa 24 hukuweka salama karibu kote. Omba picha za kamera za jengo mapema, maana mifumo mingi hujifuta baada ya siku chache. Badilisha hali kuwa "imeibwa" kwenye Bike Index na utume picha kwa mafundi na makundi ya waendesha baiskeli.

Ukiikuta inauzwa mtandaoni, usiende peke yako na usiinunue. Wape polisi na kampuni tangazo hilo.

Kampuni inanizungusha. Kuna pa kwenda?

Kenya, kifungu cha 203 cha Sheria ya Bima kinaipa kampuni siku 90 kulipa dai lililoripotiwa na kukubalika. Omba kila kukataliwa kuwe kwa maandishi na kutaje sharti lililovunjwa, kisha peleka malalamiko kwa mamlaka ya udhibiti wa bima, IRA. Tanzania mamlaka kama hiyo ni TIRA, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kumbuka pia kwamba wakala ni mtu wa kampuni, ilhali dalali wa bima anakuwakilisha wewe. Kwa kitu kisicho cha kawaida kama baiskeli, tunapendelea dalali mwenye leseni. Na lipa ada moja kwa moja kwa kampuni: Kenya, kifungu cha 156 kinazuia kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada, hivyo pesa iliyokwama mfukoni mwa mtu wa kati inaweza kukuacha bila ulinzi.

Naishi Uingereza au Marekani. Kuna tofauti?

Uingereza bima ya vitu vya nyumbani huwa na kikomo cha kitu kimoja, na baiskeli inayozidi kikomo lazima itajwe. Makufuli hupimwa na Sold Secure kwa madaraja, na mkataba utataja daraja unalotakiwa. Risiti ya kufuli mara nyingi huombwa. Uanachama wa Cycling UK huja na bima ya dhima kwa watu wengine ya hadi pauni milioni 10, jambo zuri hata kama baiskeli yenyewe huiwekei bima. Marekani bima ya mpangaji hulinda baiskeli mara nyingi hata nje ya nyumba, lakini kiasi cha kujilipia kinaweza kumeza fidia yote, na baiskeli za umeme huachwa nje na mikataba mingi.

Nimeamua kutokata. Nifanye nini badala yake?

Peleka ada ileile kwenye akiba inayojitegemea kila mwezi: kwa mfano wetu ni Sh 1,175. Nunua kufuli zuri mara moja, na pete ya chuma ya kufungia iliyopigwa bolti kwenye ukuta wa zege ndani ya nyumba. Weka tagi ya ufuatiliaji, lakini si ndani ya bomba la tandiko. Fremu ya kaboni hudhoofisha mawimbi yake. Ya alumini huyazuia, kwa hiyo ifiche chini ya tandiko au ndani ya kishikio cha chupa.

Lakini bima ya mwili wako usiiache. Mfupa wa bega ukivunjika, upasuaji na wiki za kukaa bila kazi vinaweza kugharimu zaidi ya baiskeli yenyewe. Hakikisha michango yako ya bima ya afya ya umma, SHA kwa Kenya au NHIF kwa Tanzania, iko hai, kisha ulizia bima ya ajali binafsi yenye matibabu, ulemavu wa kudumu na malipo ya kila wiki usipoweza kufanya kazi. Uliza kama uendeshaji baiskeli, mazoezi na mashindano vimo. Kama pesa inatosha bima moja tu, kata hiyo kabla ya ile ya baiskeli.